KARAVANI YA MJOMBA: SOMO LA KUISHI NA VITU VICHACHE

Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotuomba makala za gazeti la mwaka huu, alisema kila mmoja aandike juu ya jambo alilolishuhudia kwa macho yake, si la kunakili vitabuni. Wenzangu wamechagua milima, michezo na harusi. Mimi nimechagua karavani. Najua baadhi yenu mtacheka, maana karavani mmeiona ikipita barabarani tu, ikikokotwa nyuma ya gari. Lakini mimi nimelala katika karavani siku kumi na nane za likizo ya Agosti, na nusura nilale humo milele. Kwa hivyo tulia usome hadi mwisho, kwa sababu mwisho wa makala haya unamhusu hata mtu ambaye hajawahi kuikaribia karavani.

1. NENO LENYEWE

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi ya chama chetu. Neno karavani tumelipata kwa Waingereza, lakini hata wao walilikopa. Asili yake ni Kiajemi, lugha iliyotupa pia maneno kama bandari na bustani. Hapo mwanzo maana yake haikuwa gari hata kidogo. Ilikuwa ni kundi la wasafiri pamoja na wanyama wao wa kubeba mizigo, wakienda kwa pamoja ili wasije wakavamiwa njiani. Kundi kama hilo sisi tunaliita msafara, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo ni ndugu wa safari, msafiri na kusafiri.

Katika somo la Historia na Serikali tulifundishwa biashara ya masafa marefu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Hapa kwetu Kenya Wakamba walipeleka pembe hadi Mombasa. Mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi, aliuawa akiwa safarini mwaka wa 1851. Misafara hiyo haikuwa na magari. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na mpagazi mmoja alibeba kiasi cha kilo 30. Ukiwa utabeba kilo 30 kwa mwendo wa miezi, huulizi, "Nichukue nini?" Unauliza, "Niache nini?" Shika swali hilo, msomaji, maana nililikuta tena kwa mjomba.

2. NYUMBA YENYE MAGURUDUMU

Je, neno la msafara liligeukaje kuwa la nyumba yenye magurudumu? Kule Uingereza, katikati ya karne ya 19, watu wa jamii ya Waroma pamoja na watu wa maonyesho walianza kuishi katika magari yaliyokokotwa na farasi. Ndani yake walipika, walilala na walilea watoto. Kwao hayo yalikuwa makazi, wala si starehe.

Mwaka wa 1885 daktari mmoja Mskoti aliyeitwa William Gordon Stables aliagiza gari la namna hiyo kutoka kiwanda cha Bristol Wagon Works. Huyu alikuwa amewahi kuwa daktari katika jeshi la majini la Uingereza, na aliandika vitabu vingi vya vijana. Gari lake alilipa jina la Wanderer, yaani Mzururaji. Alisafiri nalo kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, hadi Inverness kule Skoti, safari ya maili zipatazo 1,300, akikokotwa na farasi wawili. Mtumishi wake alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuangalia njia. Mwaka wa 1886 alitoa kitabu juu ya safari hiyo, na watu wengi wakatamani kusafiri kama yeye. Mwaka wa 1907 wapenzi wa karavani wakaunda chama chao huko Uingereza. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, magari ya injini yakachukua kazi ya farasi.

Nilipomsimulia mjomba habari za daktari huyu, alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Huyo alikuwa na farasi wawili na watumishi. Mimi nina greda na wewe."

3. JINSI NILIVYOFIKA HUKO

Mjomba wangu ni dereva wa greda. Greda ni lile gari kubwa lenye kisu kirefu cha chuma chini ya tumbo, ambalo husawazisha barabara za murram. Kazi hiyo haina mahali pamoja. Leo ni hapa, wiki ijayo ni kilomita ishirini mbele. Kama angekuwa akirudi mjini kila jioni, mafuta ya kusafiri yangemaliza pesa na saa za kazi zingekwisha njiani. Kwa hivyo nyuma ya greda lake amefunga karavani, na kazi ikihama nyumba nayo inahama. Ameishi hivyo miaka kumi na mmoja. Mke na watoto wake wako nyumbani, na huwaona mwisho wa mwezi.

Mimi ninasoma shule ya kutwa, na nyumbani ni mama na sisi watoto wanne. Mwisho wa muhula wa pili nilikuwa na deni la karo. Utingo wa mjomba alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda kwao, na mjomba akamwambia mama, "Niletee huyo kijana anipikie na kuniteketea maji, nami nitamlipia hiyo karo." Mama akakubali. Basi siku ya pili ya likizo nilifunga mfuko wangu, nikapanda matatu kutoka Naivasha hadi Fly Over, kisha nikashika nyingine ya kwenda Njabini, Kinangop Kusini.

Kinangop ni juu sana, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Watu wa huko hulima viazi, kabichi na njegere, na hufuga ng'ombe wa maziwa. Mwezi wa Agosti ukungu hukaa chini mpaka saa nne za asubuhi, na baridi yake si mchezo. Inapenya mpaka kwenye mifupa.

4. KARAVANI YENYEWE

Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni kibanda cha kuuzia mayai. Urefu wake ni mita tatu na nusu hivi, upana mita mbili, na mjomba akisimama kichwa chake kinakaribia dari. Nje ni mabati, ndani ni mbao nyembamba. Ina magurudumu mawili na miguu minne ya chuma ya kushusha ikisimama. Kuna dirisha moja dogo na tundu la hewa kwenye paa, kubwa kama sahani. Komeo la mlango lilivunjika zamani, kwa hivyo mlango hufungwa kwa mpira wa tyubu unaozungushwa kwenye msumari. Tafadhali ukumbuke mpira huo.

Mali yote iliyomo ndani niliihesabu siku ya kwanza: kitanda kimoja cha mbao na benchi moja ambalo usiku ndilo kitanda changu, magodoro mawili, blanketi nne, sufuria mbili, ile kubwa ikiwa na ile ndogo ndani yake, sahani tatu, vikombe vitatu, kisu, mwiko, jerikani tatu za lita ishirini, karai, taa ya sola iliyoning'inizwa kwenye waya, redio, sanduku la vyuma vya kazi, na jiko la makaa. Basi. Hakuna friji, hakuna bomba, hakuna choo. Kwa choo tulikuwa tukiomba ruhusa kwa shosho mmoja ambaye boma lake lilikuwa jirani, na ndiye aliyetuuzia maziwa.

Siku mbili za kwanza nilinung'unika moyoni. Nilikosa meza ya kuandikia, nikakosa hata mahali pa kuning'iniza shati. Siku ya tatu nikaanza kuona kwamba kila kitu kilichomo kina kazi, na kwamba mjomba hana kitu anachokitafuta. Gizani ananyoosha mkono tu na kiko pale. Sisi nyumbani tuna vitu vingi kuliko yeye, lakini kila asubuhi tunatafuta soksi.

5. SHERIA ZA MJOMBA

Mjomba ni mtu wa maneno machache. Alinipa sheria nne, na zote alizisema kwa pumzi moja wakati akinawa mikono. Nitazieleza hapa, tatu kwanza na ya nne baadaye.

Ya kwanza ni ya uzito: kilicho kizito kikae chini na kikae katikati, juu ya magurudumu. Sikuielewa mpaka siku tuliyohama. Nilikuwa nimepanga jerikani zote tatu zikiwa zimejaa kwenye ukuta wa nyuma. Tulipoanza kuteremka, mkia wa karavani ukaanza kuyumba huku na huku kama mlevi. Mjomba akasimamisha greda, akafungua mlango, akanitazama bila kusema neno. Kumbe uzito ukizidi nyuma, sehemu ya mbele huinuka na kulegea pale inapofungwa, na karavani huanza kuyumba. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Jerikani tatu ni kilo 60, sawa na mizigo miwili ya wapagazi wa zamani! Nikazihamisha hadi katikati, tukaenda salama.

Ya pili ni ya maji: lita 60 zitukidhi watu wawili siku tatu. Piga hesabu: ni lita kumi kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika, kuosha vyombo na kuoga. Nyumbani nilikuwa nikioga kwa lita hizo kumi peke yangu. Hapo nilijifunza kuosha vyombo kwa kutumia maji kidogo ya moto kwanza, kisha kuyasuuza, na yale ya kusuuzia kuyatumia kuoshea miguu. Maji ya kunywa tuliyachemsha hadi yakatokota, tukayamimina katika jerikani moja iliyotiwa alama ya rangi nyekundu ili isichanganywe na zile nyingine. Mvua iliponyesha tuliweka karai chini ya ukingo wa paa.

Ya tatu ni ya nafasi: usitoe kitu cha pili kabla ya kurudisha cha kwanza. Katika nyumba ya mita saba za mraba, kitabu kimoja, kiatu kimoja na sufuria moja vikiwa sakafuni mtu hana pa kukanyaga. Sheria hii nimeileta nyumbani, na mama amefurahi sana.

Ya nne alisema hivi: "Jiko linalala nje." Hakuongeza neno. Kila jioni tulipika chini ya turubai lililofungwa ubavuni mwa karavani, na baada ya kupika jiko lilibaki hapo hapo nje mpaka asubuhi. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya majivu, au kwamba mzee anaogopa kuchoma mbao zake. Sikuuliza, naye hakueleza.

6. USIKU WA BARIDI

Siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Mjomba alirudi saa mbili za usiku akiwa amelowa chepechepe, meno yakigongana. Hakula viazi nilivyopika. Alikunywa chai, akameza vidonge vya homa, akajifunika blanketi zake mbili na nikamwongezea moja yangu. Bado alikuwa akitetemeka usingizini. Nilimhurumia sana. Huyu ndiye aliyekuwa akinilipia karo, naye alikuwa akitetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa.

Nikatazama nje. Jiko lilikuwa bado na makaa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Nikajiambia, moshi ndio mbaya, na huu umekwisha. Tena nilikuwa nimesikia watu wakisema kwamba ukiweka karai la maji kando ya jiko, maji yananyonya sumu yote. Basi nikaliingiza jiko taratibu ili nisimwamshe, nikaliweka sakafuni kati ya vitanda viwili, nikaweka karai la maji kando yake. Upepo ulikuwa ukiingia kwa lile tundu la paa, nikaliziba kwa gunia. Nikafunga dirisha, nikazungusha mpira kwenye msumari. Baada ya muda mfupi karavani ikawa na joto tamu. Mjomba akaacha kutetemeka. Nililala nikijisifu.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoamka. Kichwa kilikuwa kikigonga kama nyundo na tumbo limechafuka. Nilitaka kutoka nje nitapike. Nikaweka miguu chini, lakini miguu haikuwa yangu. Ilikuwa kama imejazwa pamba. Nilimwita mjomba, "Mjomba! Mjomba!" Hakuitika. Nilijaribu kupiga hatua, nikaanguka kwa uzito wangu wote juu ya mlango. Laiti lile komeo lingekuwa zima, leo usingesoma makala haya. Lakini ulikuwa ni mpira wa tyubu tu. Ulichomoka, mlango ukafunguka, nami nikaporomoka hadi kwenye matope.

Mvua iliyonipiga usoni ndiyo iliyonizindua. Nilipiga kelele kadiri nilivyoweza. Mlinzi wa greda alikuja mbio na tochi. Aliposikia neno "jiko" hakuuliza la pili. Alivuta shuka puani, akaingia, akamburuta mjomba kwa mabega hadi nje, akalitupa jiko mbali. Mjomba alikuwa akipumua, lakini hakuwa akijibu.

Shosho na kijana wake wakatoka na taa. Shosho alileta maziwa akataka kumnywesha, maana watu husema maziwa huua sumu. Mlinzi akamkataza kwa heshima, "La, shosho, mtu asiyejitambua hanyweshwi kitu, atapaliwa." Kijana wa shosho alikuwa na pikapu ya kubebea viazi. Tukamlaza mjomba humo, tukafunikwa turubai, na safari ya hospitali ikaanza katika barabara ile ile aliyokuwa akiitengeneza. Nilikuwa nimemshika mkono, nikiomba Mungu, na nikifikiria nitamwambia nini mama, na nitawaambia nini watoto wake.

7. KWA NINI JIKO LINAUA

Hospitalini mjomba aliwekewa oksijeni kupitia barakoa puani na mdomoni, na mimi pia. Kulipopambazuka alifungua macho, na kufikia adhuhuri aliweza kuketi na kuongea. Tabibu aliyetuhudumia alikuwa mwema. Aliponiona ninalia alikaa kando yangu akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma katika Kemia bila kulielewa.

Makaa yakiwaka penye hewa tele, kaboni huungana na oksijeni ikawa kaboni dioksaidi. Lakini hewa ikiwa haba, kama vile ndani ya chumba kilichofungwa, hutokea gesi nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi ukiisha na makaa kuwa mekundu, mtu hudhani usalama umefika, kumbe gesi ingali inatoka.

Ndani ya damu kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Tabibu alinipa mfano wa matatu. Alisema, "Himoglobini ni matatu na oksijeni ni abiria. Kaboni monoksaidi inapanda kabla yake, inashika kiti, na inakataa kushuka." Nguvu yake ya kushika ni zaidi ya mara 200 kuliko ya oksijeni. Kwa hivyo hata gesi ikiwa kidogo, matatu nyingi zinajaa abiria wasioshuka, na oksijeni inaachwa stejini. Ubongo na moyo vikikosa oksijeni, mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha huzama katika usingizi. Aliyelala hazisikii dalili hizo. Hupita kutoka usingizini hadi mautini bila kugutuka.

Nilimuuliza kuhusu karai la maji. Akatikisa kichwa. Gesi hiyo huyeyuka kidogo mno katika maji, kwa hivyo karai halisaidii chochote. Na maziwa? Maziwa huenda tumboni, na gesi iko katika damu. Dawa yake ni kumtoa mtu nje hadi kwenye hewa safi mara moja na kumpeleka hospitali apewe oksijeni, ili wale abiria wakaidi wasukumwe washuke.

Sasa piga hesabu ya karavani. Mita tatu na nusu, mara mbili, mara mbili, ni mita 14 za ujazo. Nilichukua sanduku la mita 14 za ujazo, nikaziba matundu yake yote, nikaweka jiko ndani yake. Mtu ambaye angetaka kutuua makusudi hangefanya zaidi ya hayo.

8. TULICHOANDIKA MLANGONI

Tuliporudi nilingojea kuchapwa, au kufukuzwa. Nilikuwa tayari kwa yote mawili, na nikamwambia mjomba asinilipie karo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanieleza kisa ambacho hata mama hajawahi kukisikia. Zamani, akiwa bado utingo, walipiga kambi Timboroa, mahali pengine penye baridi kali. Wenzake wawili walilala na jiko katika karavani. Asubuhi mmoja hakuamka. Mjomba ndiye aliyefungua mlango. Tangu siku hiyo jiko lake halijaingia ndani, na tangu siku hiyo hapendi kulizungumzia jambo hilo.

Akasema, "Kosa ni la sisi wawili. Wewe ulivunja sheria. Mimi nilikupa sheria nikakunyima sababu yake."

Maneno hayo yamekaa nami kuliko yote niliyojifunza kule. Nilikuwa nimezitii zile sheria nyingine kwa kuwa nilijionea sababu zake: karavani iliyumba, maji yaliisha, nilikanyaga sufuria. Ile ya nne sababu yake haionekani kwa macho, na ndiyo iliyohitaji kuelezwa zaidi.

Mjomba aliniuliza, "Si wewe uko katika chama cha Kiswahili? Niandikie mlangoni, mtu yeyote asome na aelewe. Utingo akirudi asome, na mwingine atakayekuja baada yangu asome." Nikachukua rangi nyeupe ya kutia alama barabarani na kipande cha kijiti. Mara ya kwanza niliandika maneno mengi kama insha. Akanifutisha. Mara ya pili nikaandika, "Jiko haliruhusiwi." Akasema hiyo ni sheria tu, haina sababu. Mara ya tatu nikaandika hivi:

JIKO LILALE NJE.
MAKAA YASIYO NA MOSHI PIA HUUA.

Akasoma, akaitika kwa kichwa. Maneno hayo yako mlangoni hata leo. Sijawahi kupata alama katika insha iliyonifurahisha kama kule kuitika kwake. Na siku mbili baadaye tulifanya kazi nyingine: tulinunua komeo jipya. Lakini mjomba alihakikisha kwamba linafunguka kwa kusukumwa kutoka ndani.

9. MAFUNZO

Kwanza, mtu anaweza kuishi na vitu vichache na asipungukiwe na utu. Mjomba amelea watoto, amesomesha na amenilipia mimi karo akiwa katika nyumba ya mita saba za mraba. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, kadiri nyumba inavyokuwa ndogo, ndivyo kosa dogo linavyokuwa kubwa. Katika nyumba pana jerikani hukaa popote. Katika karavani ikikaa vibaya inaweza kukupindua.

Tatu, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Msomaji, unaposema karavani ni mambo ya madereva wa greda, hebu tazama tunapoishi. Wengi wetu wa shule ya kutwa tunarudi jioni katika chumba kimoja cha mabati chenye dirisha moja dogo. Mwezi wa Julai baridi ikija, jiko linaingizwa ndani, tambara linazibwa chini ya mlango, na mtoto mchanga analazwa karibu nalo ili apate joto. Vyumba hivyo ni karavani zisizo na magurudumu. Hesabu yake ni ile ile, na gesi ni ile ile. Ukifika nyumbani leo, usiseme tu, "Mama, mwalimu amekataza." Eleza sababu. Toa mfano wa matatu. Jiko litoke nje kabla ya watu kulala, na wakati wa kupika mlango na dirisha viwe wazi. Mkiamka usiku wawili au watatu mkiumwa kichwa kwa pamoja, msijifunike tena mlale. Tokeni nje kwanza.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Taja maana mbili za neno karavani na ueleze jinsi zinavyohusiana.
2. Kama ungepewa nafasi ya kilo 30 tu kwa safari ya mwezi mmoja, ungechukua nini na ungeacha nini? Toa sababu.
3. "Sheria bila sababu huvunjwa kwa nia njema." Jadili ukirejelea sheria moja ya shule au ya nyumbani kwenu.
4. Andika tangazo la maneno yasiyozidi kumi la kuonya watu juu ya hatari moja iliyo katika mtaa wenu. Hakikisha lina onyo na sababu yake.

Nakomea hapa, msomaji wangu. Karo yangu ya muhula wa tatu imelipwa, mjomba ni mzima, na greda liko kazini. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimeongeza kidogo: na mkuu naye aseme kwa nini. Tukijaliwa, tuonane katika gazeti la mwaka ujao.